Maswali ya Wasomaji: Bodi ya Mradi Inaamua Nini, na Lini?

Barua kadhaa zilizotufikia mwezi huu zinagusa jambo moja kwa namna tofauti, nalo ni kazi ya bodi ya mradi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yaliyoelezwa humo yanavipata vikundi vingi, na kwa sababu bado kuna muda wa kuuokoa mradi unaozungumziwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa bodi ya mradi wa kujenga zahanati na nyumba mbili za watumishi, mradi unaoendeshwa na jumuiya yetu ya waumini. Bodi ina wajumbe 14. Tunakutana kila mwezi, tunathibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, tunajadili yatokanayo, tunasikiliza taarifa ya meneja wa mradi, tunaipokea na kuagana. Bajeti ilikuwa shilingi milioni 240. Mwezi uliopita mhasibu alitueleza kwamba zimebaki milioni 60, na majengo hayajafika usawa wa lenta. Meneja anasema mafundi walikuta udongo wa mfinyanzi, hivyo misingi ikachimbwa zaidi na nondo zikaongezwa. Wajumbe wanataka afukuzwe. Mimi najiuliza kama kosa ni lake peke yake. Bodi ilitakiwa ifanye nini? (Katibu, Mbeya)

JIBU: Ndugu Katibu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kikao cha kumfukuza meneja, kwa kuwa jibu la swali lako linaanzia kwenye bodi yenyewe. Kwa maelezo yako, bodi imekuwa ikipokea taarifa kila mwezi bila kuzitumia kuamua lolote. Bodi ya mradi huundwa ili ifanye maamuzi machache makubwa ambayo meneja hana mamlaka ya kuyafanya, na ili iseme wazi, kabla kazi haijaanza, ni mambo gani meneja anaweza kuyaamua mwenyewe na ni yapi lazima ayarudishe mezani.

Utaratibu ninaouona umelieleza jambo hili vizuri kuliko mwingine ni ule wa Uingereza unaoitwa PRINCE2. Ulianza mwaka 1989 ukiwa mwongozo wa serikali ya nchi hiyo kwa miradi ya kompyuta, ukapanuliwa mwaka 1996 ili ufae kwa mradi wa aina yoyote, na toleo lake la saba lilitoka mwaka 2023. Humo, kazi ya kuelekeza mradi imekabidhiwa bodi kwa mfumo wa maamuzi yanayohesabika. Kwanza bodi huruhusu maandalizi, yaani hutoa fedha kidogo na muda mfupi ili mradi ufikiriwe na kupangwa sawasawa. Maandalizi yakikamilika, bodi husoma hati zake na kuamua kama mradi wenyewe uanze au usianze. Baada ya hapo huruhusu awamu moja baada ya nyingine, na kila awamu ikifika mwisho hujiuliza upya kama sababu iliyouanzisha mradi ingali hai. Katikati ya awamu hutoa mwongozo pale meneja anapouomba au mambo ya nje yanapobadilika. Mwishoni huruhusu mradi ufungwe.

Barua yako haitaji awamu hata moja, nami nachukulia kwamba bodi iliidhinisha milioni 240 zote siku ya kwanza. Hapo ndipo mlipopoteza nafasi yenu ya kuelekeza. Tuseme mngeligawa kazi katika awamu za misingi, kuta, kuezeka, umaliziaji na vifaa, mkaitengea awamu ya misingi milioni 50 na wiki nane. Kisha mngemwambia meneja kwa maandishi kwamba anaweza kuzidisha hadi milioni tatu, au kuchelewa hadi wiki mbili, bila kuomba ruhusa ya mtu, na kwamba akiona dalili ya kuvuka kiasi hicho atasimama na kuileta habari kwenu. Naomba uzingatie neno dalili. Meneja hangoji mpaka fedha zivuke ndipo aseme. Anatakiwa aseme siku ile mashimo yanapofunguliwa na hesabu zinapomwonyesha kwamba misingi itafika milioni 75.

Siku hiyo bodi ingekuwa bado na zaidi ya milioni 190 mkononi na njia kadhaa mbele yake. Mngeweza kujenga nyumba moja ya watumishi badala ya mbili, au kumwomba mhandisi apime sehemu nyingine ya kiwanja ambako udongo ni mgumu zaidi, au kuwarudia waumini na kuwaeleza upungufu wakati ungali mdogo, au hata kuahirisha mpaka mvua zipite. Leo njia hizo nyingi zimefungwa, si kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi, bali kwa sababu uamuzi wa kuendelea ulifanywa shimoni na mtu mmoja, huku wenye dhamana ya fedha wakiwa hawana habari.

Hii ndiyo mipaka ya ruhusa, na sioni chombo kingine kinachoisaidia bodi kuliko hiki. Haiishii kwenye fedha na muda. Bodi inaweza pia kuweka mipaka ya upeo wa kazi, ya ubora, ya vihatarishi na ya manufaa yanayotarajiwa, na toleo la mwaka 2023 limeongeza uendelevu. Faida yake ni kwamba ndani ya mipaka hiyo meneja anafanya kazi kwa utulivu, na nje ya mipaka hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba hakujua. Ndiyo maana nasita kuungana na wanaotaka meneja wenu afukuzwe. Alikosea, kwa sababu mtu mwenye busara huwaarifu wenye fedha anapokutana na jambo zito kama hilo hata kama hakuagizwa. Lakini bodi haikumwekea mpaka wowote, kisha inamlaumu kwa kuuvuka.

Nina neno pia kuhusu taarifa mnazozisikiliza. Taarifa nyingi za fedha katika miradi yetu zina safu tatu: bajeti, matumizi na baki. Safu ya baki inafariji kuliko inavyostahili, kwa sababu inaonyesha kilichosalia bila kuonyesha kazi iliyosalia inahitaji kiasi gani. Niliwahi kuwa katibu wa bodi ya mradi wa maji ambako kwa miezi saba mfululizo baki ilionekana nono, nasi tulikuwa tukipongezana, kumbe ankara za mabomba zilikuwa bado hazijaletwa. Zilipofika zote kwa mpigo, baki ilitoweka katika wiki moja. Tangu hapo nimekuwa nikidai safu ya nne kwenye kila taarifa: makadirio mapya ya fedha zitakazohitajika kuanzia leo hadi kazi iishe. Laiti bodi yenu ingeiona safu hiyo mwezi wa pili, mjadala wenu wa leo ungefanyika wakati huo.

Sasa mfanye nini? Simamisheni matumizi mapya, isipokuwa yale ya kukinga kuta na misingi dhidi ya mvua. Mwombeni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa apime kazi iliyofanyika na kuilinganisha na stakabadhi, ili mjue kama milioni 180 kweli zimo ardhini na ukutani. Mkabidhini meneja huyohuyo, ikiwa vipimo havitaonyesha udanganyifu, kazi ya kuandaa mpango wa marekebisho wenye njia angalau tatu, kila moja ikiwa na gharama yake, muda wake na kitakachopotea kwa kuichagua. Kisha bodi ichague moja, iandike sababu zake kwenye muhtasari, na iweke awamu na mipaka kwa kazi iliyobaki. Na wajumbe 14 ni wengi mno kwa kazi ya kuamua. Waacheni wengi wao wawe kamati ya ushauri, ambayo ina heshima yake na manufaa yake katika kuchangisha fedha, na maamuzi yafanywe na watu watatu hadi watano wenye mamlaka ya kweli juu ya fedha, mafundi na huduma itakayotolewa.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni meneja wa mradi wa kituo cha mafunzo ya ufundi kwa vijana. Bodi yangu ni ya watu sita, wote waheshimiwa. Mmoja humpigia simu fundi mkuu moja kwa moja na kumwambia abadilishe milango. Mwingine huja kwenye eneo la ujenzi na kuamuru vibarua waongezwe. Nikiuliza, naambiwa bodi ndiyo yenye mradi. Wazee walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa nini basi mradi uwe na bodi? (Meneja, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimeifurahia barua yako kwa sababu imetaja chombo na nahodha, na ninyi wa pwani mnajua kwamba katika safari ya jahazi nahodha hakuwa peke yake mwenye kauli. Alikuwapo pia mwenye chombo. Mwenye chombo ndiye aliyeamua jahazi liende wapi, libebe shehena gani, na fedha za safari zitoke wapi. Kusi au kaskazi ikishavuma na tanga likishatwekwa, hakushika usukani wala kuwaamrisha mabaharia. Nahodha naye hakuwa na ruhusa ya kuigeuza safari ya Lamu ikawa ya bandari nyingine kwa sababu tu ameona upepo mzuri. Bodi ni mwenye chombo, wewe ni nahodha, na shida yako ni kwamba waheshimiwa wako sita wanataka kushika usukani.

Methali uliyoitaja inaihusu bodi yenyewe pia. Wengi hudhani bodi ya mradi ni baraza la kupiga kura, na kwamba wajumbe wakiwa sita basi kila mmoja ana sehemu ya sita ya mradi. Utaratibu wa PRINCE2 nilioutaja juu unalikataa wazo hilo waziwazi. Ndani ya bodi kuna mtu mmoja mwenye dhamana ya mwisho, ambaye analinda sababu ya mradi na fedha zake, naye ndiye mwenye uamuzi ikiwa wengine hawakubaliani. Kando yake yumo anayewasemea watakaokitumia kitu kinachojengwa, na yumo anayewasemea watakaokijenga au kukileta. Mtu mmoja anaweza kubeba nafasi zaidi ya moja katika mradi mdogo, lakini nafasi ya mwenye dhamana haigawanywi kwa watu wawili, na haiwezi kushikwa na meneja wa mradi. Wajumbe hao wawili wanamshauri mwenye dhamana, wanamkosoa, na wanaahidi rasilimali za upande wao, hawampigii kura.

Ushauri wangu ni kwamba umwendee mwenyekiti faraghani, kwa adabu zote, ukiwa na karatasi moja ya hadidu za rejea inayosema mambo matatu. Kwanza, maelekezo ya bodi kwa mradi yanapitia kwa meneja, na yakiwa ya simu yanathibitishwa kwa maandishi siku hiyohiyo. Pili, ombi lolote la mabadiliko, liwe la mjumbe au la fundi, linaandikwa kwenye daftari la mabadiliko, linakadiriwa gharama na muda, kisha linaamuliwa na mwenye mamlaka ya kiasi hicho. Unaweza kupendekeza kwamba mabadiliko madogo, kwa mfano yasiyozidi kiasi fulani cha shilingi, uyaamue wewe kutoka kwenye fungu lililotengwa. Tatu, mjumbe ana haki ya kuzuru eneo la ujenzi wakati wowote, kuona na kuuliza, na akiona kosa anakueleza wewe.

Usiwazuie kuzuru. Mjumbe anayefika kwenye eneo la ujenzi akatazama kwa macho yake ni neema kwa mradi, na meneja anayewaficha wajumbe kazi yake huzua shaka hata akiwa mwaminifu. Kinachotakiwa kukoma ni kuamrisha. Na mjumbe aliyebadilisha milango, muombe akuandikie ombi lake nawe ulikadirie kwa haki. Huenda ana hoja nzuri kuhusu milango ambayo nyote hamkuiona.

SWALI: Nasoma usimamizi wa miradi chuoni. Mwalimu wetu alisema bodi ina mamlaka ya kusimamisha mradi wakati wowote. Mimi sijawahi kusikia bodi iliyofanya hivyo baada ya fedha nyingi kutumika. Je, inawezekana kweli, au ni maneno ya vitabuni? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Inawezekana, ila ni uamuzi mgumu kuliko yote, na ugumu wake unatokana na swali lisilo sahihi ambalo wajumbe hujiuliza. Wao huuliza: tumekwisha kutumia kiasi gani? Fedha zilizotumika hazirudi, mradi uendelee au usiendelee. Linalofaa kuulizwa mwishoni mwa kila awamu ni kama fedha ambazo bado hazijatumika zitaleta manufaa yanayozidi thamani yake. Mradi uliomeza asilimia 80 ya bajeti unaweza kustahili kumaliziwa, na mwingine uliomeza asilimia 10 ukastahili kusimamishwa leo, kwa mfano pale shule inapojengwa huku kijiji kinachotarajiwa kupeleka watoto kinahamishwa kupisha bwawa.

Uliniomba mfano kwa maneno ya chinichini, nami nitakupa mmoja ambao watu wa fani hii wameusoma sana, kwa sababu uchunguzi wake ulifanywa hadharani. Ni jengo la Bunge la Uskoti lililoko Holyrood, mjini Edinburgh. Mwaka 1997, serikali ya Uingereza ilipochapisha mapendekezo ya kuipa Uskoti bunge lake, gharama ya jengo ilitajwa kuwa kati ya pauni milioni 10 na milioni 40. Msanifu Enric Miralles kutoka Barcelona alichaguliwa mwaka 1998, ujenzi ukaanza mwaka 1999. Jengo lilifunguliwa rasmi Oktoba 2004, takriban miaka mitatu baada ya wakati uliokusudiwa, likiwa limegharimu zaidi ya pauni milioni 400.

Ni rahisi kuutazama mradi huo na kuwalaumu wajenzi au msanifu. Mambo yaliyobainishwa na uchunguzi ulioongozwa na Lord Fraser, ambao ripoti yake ilitoka Septemba 2004, na yale ya Mkaguzi Mkuu wa Uskoti wa mwaka huohuo, yanatuelekeza kwingine. Aina ya mkataba iliyochaguliwa ilikuwa ile ambayo kazi hutolewa kwa mafungu, mengine yakianza huku michoro haijakamilika, na sehemu kubwa ya hatari ya gharama hubaki kwa mshitiri, yaani anayejengewa. Aina hiyo ina mahali pake, lakini uamuzi wa kuitumia ulifanywa na watumishi wa umma bila mawaziri kuarifiwa. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linafanana kabisa na msingi wa zahanati ya Mbeya, ingawa ukubwa wake ni tofauti: uamuzi uliobeba hatari ya mradi mzima ulipita chini ya wale waliopaswa kuufanya.

Kisha, Juni 1999, wakati kazi ikianza, mshitiri alibadilika. Mradi ulitoka mikononi mwa ofisi ya serikali ukaenda kwenye chombo cha utawala cha Bunge jipya, chenye wajumbe ambao hawakuwa wamezoea kusimamia ujenzi wa aina hiyo. Mwaka 2000 wabunge waliujadili mradi, wakapiga kura uendelee, wakaweka ukomo wa pauni milioni 195, na likaundwa kundi la kufuatilia maendeleo, huku mshitiri kisheria akibaki kuwa kile chombo cha Bunge. Katika miezi hiyohiyo walifariki watu wawili waliokuwa nguzo za mradi, msanifu Miralles mwezi Julai na Waziri Kiongozi wa Uskoti, Donald Dewar, mwezi Oktoba. Mkaguzi Mkuu aliona kwamba hapakuwa na mahali pamoja pa uongozi na udhibiti wa mradi.

Waheshimiwa wale waliuliza kama waendelee au wasimame, na hilo ni jambo jema. Walifanya kile ambacho mwalimu wako amekufundisha. Lakini uamuzi wa kuendelea unategemea makadirio yanayoaminika, na michoro ilipokuwa ingali inabadilika, ukomo ule haukuwa na msingi wa kuushikilia. Bodi inayotaka kweli kuwa na uwezo wa kusimamisha mradi inaanza kwa kukataa kuanza awamu ambayo michoro yake haijatulia. Hapo kusimama ni rahisi, kwa sababu hakuna kilichobomolewa wala kilichojengwa.

SWALI: Mfadhili anataka bodi ya mradi wetu wa barabara za vijijini iwe na wawakilishi wa walengwa, na pia upande wa wajenzi. Wenzangu wanasema kumwingiza mkandarasi kwenye bodi ni kumpa fisi alinde bucha. Wewe waonaje? (Ofisa Mipango, Kigoma)

JIBU: Mfadhili wenu hajakosea. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, kwa mfano, hutaka bodi ya mradi iwe na mwenye dhamana, wawakilishi wa wanufaika na wawakilishi wa washirika wa maendeleo, yaani wanaotoa fedha au utaalamu, nayo ikutane angalau mara moja kwa mwaka. Mantiki yake ni kwamba uamuzi unaofanywa bila anayejua kama kitu kinaweza kujengeka, au bila atakayekitumia, hurudi tena mezani baada ya miezi mitatu.

Hofu ya fisi na bucha nayo ni ya haki. Njia ya kuiondoa ni kumchagua mtu wa upande wa ujenzi ambaye hafaidiki na ankara, kama mhandisi wa halmashauri au mkuu wa idara ya kazi, na mkandarasi mwenyewe aitwe kama mwalikwa kueleza hali ya kazi, kisha atoke bodi inapozungumzia malipo na mkataba wake. Kwa walengwa, angalieni kwamba anayekaa kitini ametumwa na wenziwe kweli na anawarudishia habari. Mzee maarufu ambaye hajawahi kutembea barabara hiyo akiwa na gunia la muhogo kichwani hawezi kusema ni kalavati lipi lianze.

Jambo la pili, ambalo hamkuuliza, ni uhakiki. Kila mjumbe wa bodi ana wajibu wa kujiridhisha kwamba anachoambiwa na meneja ni kweli, na anaweza kumtuma mtu mwingine kwa niaba yake, ila kamwe asimtume meneja ajihakiki mwenyewe. Wanaojenga madarasa hapa Tanzania kwa utaratibu wa force akaunti, yaani kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe badala ya kumpa kazi mkandarasi, wanalielewa hili, kwa kuwa kamati ya manunuzi ni tofauti na kamati ya mapokezi, na aliyenunua saruji siye anayethibitisha kwamba mifuko imefika. Wekeni mtu wa namna hiyo kwa ajili ya kifusi na unene wa tabaka la changarawe.

SWALI: Kisima na tangi vimekamilika, mkandarasi amekabidhi, mwenyekiti anasema bodi ivunjwe wiki ijayo. Kuna la kufanya kabla ya hapo? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Lipo, na linahitaji kikao kimoja kilichoandaliwa vizuri. Bodi ithibitishe kwa maandishi kwamba kilichoahidiwa kwenye andiko la mradi ndicho kilichopokelewa, na tofauti zozote ziorodheshwe pamoja na sababu zake. Ijulikane nani anabaki na funguo, michoro na hati za pampu, na nani atamwita mkandarasi ikiwa kasoro itajitokeza katika kipindi cha matazamio. Ijulikane pia umeme wa pampu utalipwa kutoka mfuko upi, kwa sababu mradi ukishafungwa akaunti yake nayo hufungwa. Yale mliyojifunza, hasa yaliyowagharimu, yaandikwe kwa kurasa mbili na kupewa kamati itakayosimamia mradi unaofuata.

Halafu kuna manufaa yenyewe. Kama andiko lilisema wanawake wa mtaa huo watapunguza muda wa kufuata maji, jambo hilo haliwezi kupimwa siku ya makabidhiano. Kabla bodi haijavunjwa, mwenye dhamana na asimamie uteuzi wa mtu mmoja, kwa jina, atakayerudi mtaani baada ya mwaka, wakati wa kiangazi, akapima foleni ya kisimani kwa saa yake na kuwauliza wenye ndoo, kisha aipeleke taarifa hiyo kwa taasisi iliyotoa fedha na kwa sheha.